Maswali Yenu: Mitumba, Kongo na Parachichi Katikati ya Wakubwa

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinagusa jambo moja: nchi ya kadiri kama yetu, si ndogo ya kupuuzwa wala si kubwa ya kuamuru, inaendeshaje mambo na majirani zake huku Marekani, China, Ulaya na Urusi wakivutana juu yake? Tumechagua sita.

Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Mwaka 2016 tulitangaziwa kuwa marais wa Afrika Mashariki wameamua mitumba iishe ndani ya miaka mitatu. Mpaka leo nafungua belo. Nasikia Marekani ilikataa. Marekani inaingiaje kwenye nguo za Memorial?

Dada yetu, iliingia kupitia AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyofungulia bidhaa nyingi za Afrika soko lao bila ushuru. AGOA si mkataba. Ni sheria yao wenyewe, wanampa wanayemtaka na wanaweza kumnyang'anya, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba nchi inayonufaika iwe inaondoa vizuizi dhidi ya biashara ya Marekani. Uamuzi wa Machi 2016, uliofikiwa hapa hapa Arusha, ulikuwa kizuizi cha wazi, tena chenye tarehe. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu cha kule, SMART, kikapeleka malalamiko. Juni mwaka huo ofisi ya biashara ya nje ya Marekani ikafungua mapitio dhidi ya Rwanda, Tanzania na Uganda.

Tazama nani hayumo kwenye orodha hiyo. Kenya ilikuwa imekwisha kurudi nyuma, na sababu ni hesabu tu. Viwanda vya Kenya vilivyo kwenye maeneo ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, huuza Marekani nguo za mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na vimeajiri makumi ya maelfu ya watu. Sisi na Uganda tulikuwa tunauza kidogo sana. Wote walipiga muhuri uamuzi mmoja, lakini anayeumia zaidi alikuwa mmoja, na hakuna aliyekuwa amemwekea fidia yoyote mezani. Mgeni yeyote mwenye akili angeanza kugonga mlango huo huo.

Sasa tuangalie belo lako. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kwa mitumba ulikuwa asilimia 35 ya thamani au dola 0.20 kwa kilo, inayotozwa ni ile iliyo kubwa. Mwaka 2016 kiwango cha kilo kikapandishwa hadi dola 0.40. Rwanda ikaenda peke yake hadi dola 2.50. Kwa belo la kilo 45, kiwango cha kwanza ni dola 9, cha pili dola 18, cha Rwanda dola 112.50. Ukifika hapo huhitaji tena tangazo la marufuku, kwani mwagizaji anaacha mwenyewe.

Februari 2018, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi Kampala, Jumuiya ikabadili lugha: viwanda vya nguo viimarishwe, marufuku iwekwe kando. Rwanda ilikataa kushusha ushuru, na tarehe 30 Julai 2018 Marekani ikaiondolea unafuu wa AGOA upande wa nguo. Iliweza kusimama kwa sababu nguo ilizokuwa inauza Marekani zilikuwa chache. Wengi wanasifu ujasiri wa Kigali, na ujasiri ulikuwapo, ila usisahau kwamba bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile ambayo Nairobi ingelipa.

Kwa maoni yetu kutaka viwanda hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutangulia kutangaza. Wataalamu wangeanza na daftari la hasara: kila nchi iandike inauza nini kwa yule atakayekasirika, na kwa kiasi gani. Kisha wale watakaopona wamfidie atakayeumia, kwa mfano kwa kufungulia viwanda vyake zabuni za sare za shule, polisi na hospitali katika nchi zote. Ushuru nao ungepanda kidogo kidogo kila Julai pamoja na bajeti, bila hotuba, maana ongezeko dogo la kila mwaka halimpi mtu wa Washington cha kulalamikia kwa urahisi. Na yote hayo yalihitaji nguo za kujaza pengo, wakati sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa ikiwa haijasokotwa hata uzi.

Nasoma kidato cha sita Moshi. Tumefundishwa kuwa kutofungamana ni kutokuwa na upande. Mbona Nyerere aligombana na Waingereza na Wajerumani? Na mwaka 2022 tulipojizuia kupiga kura kuhusu Ukraine, ule si woga?

Kutofungamana hakujawahi kuwa kukaa kimya. Maana yake ni kwamba uamuzi unafanyika Dar es Salaam. Chukua Ujerumani. Kabla ya Muungano, Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua Ujerumani Mashariki, na msimamo wa Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ulikuwa kumkatia msaada anayefanya hivyo. Nyerere akatafuta njia ya kati: Ujerumani Mashariki isipewe ubalozi kamili, ipewe ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn haikuridhika, na mapema mwaka 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wa Kizungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukaota mbawa. Mara zote mbili alijua bei kabla ya kusema neno.

Kuhusu Ukraine: tarehe 2 Machi 2022 azimio la Umoja wa Mataifa la kulaani uvamizi wa Urusi lilipita kwa kura 141, tano zikapinga, nchi 35 zikajizuia. Jumuiya ilikuwa na wanachama sita wakati ule. Kenya na Rwanda walisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walijizuia. Kujizuia kuna sababu za kueleweka: ngano tunayokula kwa sehemu kubwa inatoka nje, Urusi ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, na Moscow ni rafiki wa zamani wa harakati za ukombozi. Sisi hatuiiti woga. Kinachotusumbua ni kingine. Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya inazitaka nchi wanachama kuwa na sera za pamoja za nje na usalama, na kura ile ilizikuta zimegawanyika mbili kwa nne. Ukiandika insha, weka jambo hilo, kwa sababu watahiniwa wengi huishia kwenye idadi ya kura.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Usa River. Makao makuu ya Jumuiya hapo Arusha yamejengwa kwa fedha za Wajerumani. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Au sivyo?

Shikamoo, Mwalimu. Jengo lilizinduliwa mwaka 2012, na kweli fedha ni za Ujerumani. Makao makuu ya Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, yaliyofunguliwa mwaka huo huo, ni zawadi ya China. Jengo lenyewe halitutishi sana, kwa sababu likishajengwa limejengwa. Kinachofunga mikono ni matumizi ya kila mwaka. Ibara ya 132 ya Mkataba wa Jumuiya iliweka michango sawa ya nchi wanachama kuwa msingi wa bajeti. Michango ikichelewa, na huchelewa, mikutano ya wataalamu inaahirishwa, au inaitishwa ile tu ambayo mfadhili ameitengea fungu. Hapo ajenda inapangwa na mtu ambaye hayumo hata ukumbini. Ukitaka kujua nani ana sauti, tafuta nani amelipia tiketi za wataalamu na vyumba vyao vya hoteli.

Naishi Njiro, Arusha. Tulishuhudia Warundi wakija AICC miaka ile mpaka wakasaini. Leo vita vya Kongo vinazungumzwa Doha na Washington. Kwa nini si Arusha tena?

Watu wanakumbuka saini na kusahau kilichotangulia. Baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya, mwanajeshi aliyetwaa madaraka Burundi, marais wa kanda walikutana Arusha tarehe 31 Julai 1996 na kuiwekea nchi hiyo vikwazo vya uchumi. Burundi haina bahari, na mafuta yake na mizigo yake hupita kwa majirani. Vikwazo vilivuja, wafanyabiashara wa magendo walitajirika, na wananchi wa kawaida ndio walioumia, lakini serikali ya Bujumbura ilijua kwamba funguo za lango ziko kwa watu wale wale wanaoiita mezani. Mazungumzo yakaanza Arusha Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Vikwazo vikasimamishwa Januari 1999. Mwalimu akafariki Oktoba mwaka huo, Mandela akashika usukani, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000, ingawa baadhi ya pande 19 zilisaini wiki chache baadaye.

Hata hivyo mkataba ule ulikuwa na tundu kubwa. Makundi mawili yaliyokuwa yakipigana kweli kweli msituni, CNDD-FDD na FNL, hayakusaini, na vita vikaendelea kwa miaka mingine kadhaa. Wasuluhishi wote wanalijua kosa hili na bado linarudiwa: ukumbi unajaa vyama vyenye mihuri na barua, wenye bunduki wako nje. Jingine ni muda. Mazungumzo yakirefuka huku posho inalipwa na wafadhili, hawakosekani wajumbe wasio na haraka ya kurudi nyumbani. Kilichofanya mkataba uishi ni vipimo vyake, kwa mfano kwamba hakuna kabila litakaloshika zaidi ya asilimia 50 ya jeshi. Kifungu cha namna hiyo unaweza kukihesabu, kwa hiyo mtu hawezi kudai ametekeleza wakati hajatekeleza.

Kongo ni tofauti kwa sababu mgogoro uko ndani ya nyumba. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, na Rwanda, inayotuhumiwa kuwasaidia waasi wa M23 wa mashariki mwa Kongo, nayo ni mwanachama. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Jumuiya inataka uamuzi wa wakuu wa nchi ufikiwe kwa maafikiano, sio kwa wingi wa kura. Maana yake anayetakiwa kubanwa anakaa kwenye meza inayoamua kumbana. Kikosi cha Jumuiya kilichoingia Kivu Kaskazini Novemba 2022 kilisimama katikati. Kinshasa ilitaka kipigane. Ikakataa kuongeza muda wake, kikaondoka Desemba 2023, na mahali pake kikaingia kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Jumuiya mbili, njia mbili za mazungumzo, moja ya Nairobi na nyingine ya Luanda, na kila aliyebanwa kwenye moja alikimbilia nyingine.

Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, EAC na SADC walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari na kuunganisha njia hizo. Tarehe 24 Machi wakateua wawezeshaji watano, Uhuru Kenyatta na Olusegun Obasanjo wakiwamo. Lakini siku sita kabla, marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walikuwa wamekwisha kukaa pamoja Doha mbele ya Amiri wa Qatar. Tarehe 27 Juni mawaziri wa nje wa nchi hizo mbili wakasaini Washington, Julai M23 na Kinshasa wakasaini tamko Doha, na Desemba marais wenyewe wakaenda Washington.

Qatar ina fedha, haina mpaka na yeyote kati yao, na inaweza kuitisha kikao kwa siku mbili. Marekani ina vikwazo vinavyouma: Februari 2025 ilimwekea James Kabarebe, waziri wa Rwanda. Pia ina hamu. Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na kampuni za China zimeshika migodi mingi, kwa hiyo amani kwa Washington ina harufu ya madini pia. Hatulaumu, msuluhishi asiye na maslahi huchoka mapema. Ila siku chache baada ya saini za Desemba, M23 waliingia Uvira, kwenye ziwa lile lile linalopiga mawimbi Kigoma. Wakimbizi hawakimbilii Doha. Kazi ya kuhakiki mpaka, kuwapokea watu, kuwarudisha na kuwanyang'anya silaha wapiganaji itafanywa na majirani au haitafanywa, na hapo ndipo Tanzania, iliyo EAC na SADC kwa pamoja, ingeweza kudai kiti chenye uzito. Kukidai kunahitaji kutenga fungu la waangalizi kwenye bajeti. Kutoa taarifa ya kupongeza hakutoshi.

Reli anajenga Mturuki, bwawa Mmisri, bandari wamepewa watu wa Dubai na India, TAZARA anarudi Mchina. Huu ni ujanja au vurugu? – Msomaji, Kwa Mrombo

Yote mawili. Kugawa kazi kunazuia mtu mmoja kushika koo lako, na reli ya kisasa ni mfano mzuri: mjenzi wa vipande vya mwanzo ni Yapı Merkezi wa Uturuki, kipande cha Mwanza hadi Isaka wamepewa Wachina, na sehemu ya mkopo imedhaminiwa na mashirika ya Denmark na Sweden. Hakuna mji mkuu mmoja unaoweza kuuzima mradi mzima kwa simu.

Tatizo ni kwamba kila mgeni huja na vipimo vyake. TAZARA, reli ya kwenda Zambia iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya zamani, ikiwamo hii ya Tanga, Moshi na Arusha, ni milimita 1,000. Ya kisasa ni 1,435. Behewa la moja haliingii kwenye nyingine, mzigo unashushwa na kupakiwa upya, kama inavyofanyika Kidatu. Mpangilio wa wakopeshaji hauondoi gharama hiyo, na itabaki kwetu baada ya wote kuondoka.

Nina duka la jumla Namanga na shamba la parachichi Siha. Kenya ilisaini na Ulaya peke yake. Bidhaa za Ulaya zikiingia Nairobi bila ushuru, si zitavuka hapa bure? Na sisi wakulima tunapoteza nini kwa Tanzania kutosaini?

Bidhaa hazitavuka bure. Mkataba wa Kenya na Ulaya ulianza kazi tarehe 1 Julai 2024, na ushuru unaondolewa polepole, kwa baadhi ya bidhaa hadi miaka 25, huku bidhaa nyeti za kilimo zikiachwa nje. Unafuu huo unaishia Kenya. Mzigo ukifika Namanga, ofisa wa TRA anaangalia uasili wake. Ili uingie bila ushuru lazima uwe umezalishwa kabisa ndani ya Jumuiya, au umetimiza kanuni za uasili za 2015, mojawapo ikiwa kwamba malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa ikitoka kiwandani. Kubadilisha mfuko au kubandika lebo ya Nairobi hakubadili uasili.

Kwa mzigo mdogo wa duka, cheti rahisi cha uasili kinatosha ikiwa thamani haizidi dola 2,000 na bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wafanyabiashara hukwama mahali pawili. Mmoja anakata mzigo mmoja vipande vitatu ili kila kipande kiwe chini ya kiwango, na ofisa anayaona magari matatu ya mwenye mali mmoja. Mwingine anadhani cheti hicho kinamwondolea vibali vya TBS na vya afya ya mimea. Hakimwondolei.

Kwa parachichi lako, hupotezi soko. Tanzania imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na Ulaya huzifungulia nchi hizo soko kwa kila bidhaa isipokuwa silaha, bila kuzidai zifungue kwao. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana ilipochelewa mwaka 2014 maua yake yalitozwa ushuru kuanzia Oktoba kwa karibu miezi mitatu, na ndiyo maana ilikuwa na haraka ambayo sisi hatukuwa nayo. Ukijua hilo, lawama zinazorushwa mpakani zinapungua makali.

Hasara yako iko kwenye karatasi. Mzigo unaozidi euro 6,000, na kontena zima la baridi huzidi, unahitaji muuzaji aliyesajiliwa kwenye mfumo wa Ulaya uitwao REX, na tamko la uasili liandikwe kwenye ankara pamoja na namba yake. Cheti cha afya ya mimea kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yao yako Ngaramtoni. Mzigo upite Kenya kwenda Mombasa chini ya lakiri ya forodha, kama mzigo wa njiani. Ukimuuzia dalali shambani, naye akaupeleka ng'ambo ukachanganywa na wa huko na kufungashwa upya, utasafiri kwa karatasi za Kenya, na mnunuzi wa Rotterdam hatajua kuna mahali panaitwa Siha. Kabla ya kuvuna, muulize mnunuzi wako anayeuza Ulaya namba yake ya REX; asiyekuwa nayo anakununulia kwa bei ya dalali.